Acha Mrehani Uchanue

4 Juni

Kwa mwanangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kulia ambalo halijawahi kunisikiliza, na baba yako anayekohoa akitaka chai na kupona akiipata.

Najua barua hii itakushangaza. Miaka mitatu si siku tatu. Mimi mwenyewe najishangaa, nimekaa na kalamu tangu asubuhi.

Wiki iliyopita dereva wa lori la kiwanda cha mafuta alituletea karatasi. Tupo wanawake kumi na wawili tunaolima mrehani kandokando ya mfereji, na mimi ndiye mwenyekiti wao. Zamani tuliuza majani mabichi mahotelini. Mahoteli mawili yamefungwa, na sokoni sasa majani ni mengi kuliko midomo. Mwaka huu nikawashawishi wenzangu tuwauzie hawa wanaokamua mafuta ya mrehani kwa ajili ya sabuni na manukato. Wengine hawakutaka. Mimi ndiye niliyewavuta. Kumbuka hilo unapoendelea kusoma.

Karatasi inasema: Sampuli namba 17. Mafuta hayatoshi. Haikubaliki. Chini kuna saini ya mpimaji, na saini hiyo naijua, maana nilikushika mkono ulipokuwa unajifunza kuandika, nikakwambia usiburute mkia wa herufi ya mwisho kama ng'ombe aliyechoka. Bado unauburuta.

Baba yako alipoiona alitoka nje kwenda kucheka. Kumbe alijua muda wote kwamba unafanya kazi hapo! Huyo nitamalizana naye.

Siku unaondoka nilikwambia nenda ukapime huko, lakini usije ukanipima mimi. Haya, umenipima na umenikuta sitoshi.

Sasa nieleze. Majani yangu ni mapana, mabichi, laini, hayana tundu hata moja. Sampuli ilitoka kwenye shamba langu mwenyewe, si la mtu mwingine, kwa sababu ndilo zuri kuliko yote. Lina kasoro gani? Kiwanda kinatupa nafasi tatu tu, na moja imekwenda. Tukianguka zote wanahamia kwa wakulima wengine, na mimi nitawatazama vipi wenzangu kumi na mmoja?

Nampa dereva barua hii. Ana sura ya mtu asiyefungua bahasha za watu.

Mama yako


11 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na goti. Mwambie baba nimemsikia akikohoa mpaka huku.

Dereva aliponipa bahasha nilidhani ni orodha ya mizigo. Nilipouona mwandiko wako nilikaa juu ya ndoo ya maji, na ndoo haikuwa na kifuniko. Nimefanya kazi siku nzima na sketi iliyolowa, na sikujali.

Mama, sikujua. Kwetu sampuli zinafika na namba tu, hazina majina wala mahali, makusudi ili mpimaji asimwonee mtu wala kumpendelea. Namba 17 kwangu ilikuwa gunia tu.

Nikueleze ninavyofanya. Nachukua majani, nayachemsha kwenye chupa, mvuke unapanda na kupita kwenye bomba la kioo lililozungukwa na maji baridi, kisha unadondoka matone. Mafuta yanaelea juu ya maji, mstari mwembamba wa rangi ya njano. Naukodolea macho mstari ule, nausoma, naandika. Kiwanda kinataka katika kila kilo mia za majani zitoke angalau gramu mia mbili za mafuta. Namba 17 haikufika hata mia.

Lakini majani yako ni mazuri sana, Mama. Ni mazuri kwa sahani. Kwa mafuta ni habari nyingine. Mafuta yanakaa kwenye vifuko vidogo mno juu ya jani, huvioni bila kioo cha kukuzia. Mrehani ukipata maji mengi na mbolea nyingi unanenepa, unajaza jani maji, na harufu inabaki kidogo. Tena wewe unaukata kabla haujachanua. Mafuta huzidi wakati maua yamefunguka. Kisha kuna gunia lenyewe. Namba 17 ilikatwa na umande na kushindiliwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilipolifungua lilikuwa na joto kama mgonjwa wa homa. Majani yakishapashana joto hivyo, harufu imeshapotea njiani.

Mama, acha mrehani uchanue. Punguza maji. Ukate kuanzia saa tatu asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali.

Nimefurahi kuusoma ugomvi wako. Niliukosa.

Binti yako


15 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Goti lile lile.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Miaka ishirini na minane nimechuma vikonyo vya maua kila Jumatatu na kila Alhamisi. Mrehani ukichanua, jani linakuwa dogo, gumu na chungu, na mpishi anakurudishia mbele za watu. Nimewafundisha wanawake wote wa mfereji huu: ukiona ua, umechelewa. Leo niwaambie nini? Kwamba mtoto wangu aliyekimbia jembe amegundua uvivu ndio kilimo?

Nina swali moja, nalo naliuliza taratibu. Huo mstari wa njano unausoma wewe, kwa macho yako. Macho ya mtu si mizani. Mstari ukiwa karibu karibu, huwezi kuusoma kwa huruma? Siombi bakuli. Naomba tone.

Nijibu haraka, sampuli ya pili inaondoka kesho.

Mama


19 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama.

Siwezi.

Nimeandika neno hilo nikaliangalia siku nzima kabla ya kuendelea. Usifikiri nalipiza. Mwaka jana mpimaji mmoja hapa aliwahurumia wakulima fulani akawaongezea namba. Majani yao yakaingia kwenye pipa kubwa la mvuke, tani kwa tani, na mafuta hayakutoka kama alivyoandika. Hakuna aliyemwuliza mpimaji. Waliitwa wezi wakulima, ikasemwa wamechanganya majani na magugu, na eneo lao zima likafutwa. Tone langu lingekuja kuwaangukia nyinyi vichwani.

Na kuna jingine. Nimekwenda kwa mkuu wa maabara nikamweleza kwamba kundi lenye namba 17 ni la mama yangu. Alinitazama juu ya miwani, akaniuliza, "Na umemkataa?" Nikasema nimemkataa. Akasema, "Basi kuanzia leo sampuli zao atazipima mwenzako." Kwa hiyo majibu ya hiyo ya pili sitayaona mimi. Utayaona wewe kwanza.

Najua utanyamaza. Nakuomba usinyamaze miaka mitatu mingine.

Binti yako


2 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Unakula? Baba yako anataka kujua kama huko mnapewa viti, au bado mnakalia ndoo.

Nilinyamaza kweli. Wiki sita nimekasirika, na hasira ikiisha ilikuwa inaniachia aibu. Aibu ni mbaya zaidi, maana haina wa kumtupia. Nilimwomba mtoto wangu aandike uongo. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na mimi nilijikwaa kalamu. Nisamehe.

Sampuli ya pili imeanguka. Saini ni ya mtu mwingine mwenye mwandiko mzuri kuliko wako, lakini maneno ni yale yale. Wenzangu hawakunilaumu hata kidogo, na hapo ndipo nilipoumia. Walikaa tu kwenye kuta za mfereji wakiosha miguu, kila mmoja akitazama maji.

Aliyesema ni Mama Pacha. Yule wa mtelemko wa juu, aliyezaa mapacha mara mbili na kusema mara ya tatu asitafutwe. Unalikumbuka shamba lake? Mawe matupu. Maji ya mfereji hayafiki, anabeba kwa ndoo, anaipa miche tone la kuikumbusha tu kwamba iko hai. Mirehani yake mifupi, majani madogo, na maua kila mahali kwa sababu hana muda wa kuyachuma. Tumemcheka miaka yote. Akaniambia, "Mwenyekiti, mimi sijui mafuta. Lakini nikitoka shambani, watoto wananisikia harufu kabla hawajanisikia sauti. Wewe ukipita hapa hunukii kitu."

Nilitaka kumjibu. Badala yake nikaenda naye juu. Nikavunja jani lake moja, dogo kama ukucha, nikalisugua. Mwanangu, lilinipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Nikashuka, nikavunja jani langu lenye upana wa kiganja. Lilinukia majani.

Basi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeacha kuchuma maua. Nimefunga maji, mara moja tu kwa wiki, na mbolea sijagusa. Nimewaambia na wenzangu, na nikawaambia pia nani kaniambia. Wamekubali tisa. Wawili wanasema watasubiri kuona nikianguka.

Inaniuma, sikufichi. Kila asubuhi mkono unakwenda wenyewe kwenye kikonyo. Juzi baba yako alinifunga vidole kwa kitambaa, akasema hivyo ndivyo wanavyowaachisha watoto kunyonya kidole.

Na nimeona kitu ambacho hukuniambia. Matuta yaliyo kwenye kivuli cha ukuta wa ghala yana mbegu ile ile na udongo ule ule, lakini hata yakichanua harufu ni hafifu. Yanayopigwa na jua toka asubuhi hadi jioni ni makali. Je, ni kweli au ni pua ya mzee?

Jingine. Ulisema maua yakifunguka. Yakifunguka kiasi gani? Ua la mrehani halifunguki mara moja, linapanda ngazi. La chini linaanza, la juu bado limelala. Wapimaji mnaandika kwa mkato, sisi tunaokata tunahitaji kujua siku.

Mama yako


9 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa niaba ya mkuu wa maabara. Nilimsomea kile kipande cha kivuli cha ukuta. Akavua miwani, akasema, "Kuna kitabu hapo rafuni kinatumia kurasa arobaini kusema hilo." Ni kweli tupu, si pua ya mzee. Ya kivulini yaache, uza majani yake sokoni.

Hakuna cha kusamehe. Mimi nami nina langu. Siku ile niliondoka nikiwa nimekasirika kwa sababu ulisema kweli: nililikimbia jembe. Lakini harufu sikuikimbia. Nilitaka kujua inatoka wapi. Wewe ulikuwa unajua mambo mengi kwa mikono, na kila nikikuuliza kwa nini, ulisema, "Kwa sababu ndivyo." Nilidhani huko mbali kuna mtu atakayenijibu. Sasa wewe ndiye unayeuliza, na unauliza kuliko wote hapa.

Kuhusu siku ya kukata, nimeuliza. Vipimo vyetu vinaonyesha mafuta ni mengi maua mengi yakiwa wazi, kabla mbegu hazijakomaa. Kwa ngazi yako: maua ya chini yawe yameanza kukauka, ya katikati yawe wazi, na ncha ya juu bado imefumba. Ukingoja ncha nayo ifunguke, umechelewa.

Mvua ikinyesha, usikate. Subiri siku tatu au nne za jua. Kata juu ya matawi ya chini ili mmea uchipue tena. Usishindilie. Tandaza kwenye vikapu kivulini, mpaka lori litakapokuja. Na usikanyage wala kukunja, kila jani linalovunjika ni kifuko kinachopasuka.

Lori litafika tarehe 23. Sampuli ya tatu. Roho yangu iko juu kuliko yenu.

Binti yako

Viti tunapewa. Ndoo niliipenda mwenyewe.


24 Agosti

Mwanangu,

Salamu kwa haraka, dereva amezima injini lakini hajazima uso.

Mvua imenyesha jana na juzi. Si manyunyu, mvua ya kupiga bati. Maua yalikuwa yamefika pale pale ulipoandika, ngazi imetimia, na mbingu zikafunguka. Lori limechelewa siku moja kwa sababu ya matope, limefika asubuhi hii, na wenzangu wamesimama na mundu mikononi wakinitazama.

Nimewaambia tusikate.

Mmoja wa wale wawili amenipigia kelele kwamba nimechanganyikiwa, nafasi ya mwisho hairudishwi. Nimemwambia ndiyo maana siitupi kwenye maji. Dereva anasema yeye ametumwa kuchukua gunia, na akirudi mikono mitupu watamuuliza. Nimemwambia aseme mwenyekiti amekataa, na ampe mpimaji barua hii.

Sijui kama nimefanya la akili.

Mama


27 Agosti

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimesimama, dereva anapakia, atakuachia barua hii akipita kesho.

Mkuu wa manunuzi aligonga meza. Alisema mkulima anayerudisha lori tupu hana nia. Mimi nimekatazwa kugusa sampuli zenu, lakini sijakatazwa kusema, basi nikasema. Nikamwambia, "Huyu ndiye mkulima pekee mwaka huu aliyekataa kutuletea majani yenye mvua. Wengine wote wanatuletea, na sisi tunachemsha maji yao." Mdomo wangu ulikuwa wa kwako, Mama, nilijisikia kabisa.

Mkuu wa maabara akasema, "Lori litapita huko tena tarehe 29 likirudi, basi lisimame tu."

Hiyo ndiyo nafasi, tarehe 29. Hakuna nyingine. Nimehesabu: toka mvua ikatike ni siku tano, kama huko haikunyesha tena. Huku kumekauka. Sijui kwenu, naangalia mawingu yasiyonihusu.

Binti yako


6 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kama majani. Sisi hatujambo, na safari hii nasema kweli, hata goti.

Nianze mwanzo ili uone vizuri. Haikunyesha tena. Asubuhi ya tarehe 29 tulikuwa shambani mapema, lakini hakuna aliyeinua mundu. Tulikaa tukingoja umande ukauke, wanawake kumi na wawili wamekaa tu kama wanaongoja harusi. Hata wale wawili walikuja, mmoja na kiti chake. Ilipofika saa tatu nikapita kwenye mashamba yote. Nilivunja jani kila mahali, nikasugua, nikanusa. La kwangu nililinusa mara tatu, nikitamani lijibu. Limeboreka sana. Lakini shamba langu liko chini, mvua yote ya mtelemko inakuja kulala kwangu, na udongo mweusi ule hauachii maji kwa siku tano. Jani lilikuwa bado limejaa.

Sampuli imekuwa ikitoka kwangu siku zote. Mwenyekiti hutoa. Nikawaambia, "Leo tunakata kwa Mama Pacha."

Mama Pacha akadhani namtania. Akasema, "Kwenye mawe yangu?" Nikamwambia ndiyo, kwenye mawe yako. Akajifuta mikono kwenye kanga mara nyingi kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Tukapanda wote, tukakata taratibu, tukatandaza kwenye vikapu kivulini, na tukambeba dereva kwa maneno mpaka akakubali vikapu visifunikwe na turubai.

Kisha siku nane za kungoja. Nilichuma maua kwenye matuta ya kivulini, ya sokoni, ambako si kosa, ili mikono ipate kazi.

Karatasi imefika leo. Sampuli namba 64. Gramu mia mbili na themanini na tano. Imekubaliwa. Nimeisoma kwa sauti juu ya ukuta wa mfereji, na niliposhusha macho Mama Pacha alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa, analia na kucheka. Anasema maisha yake yote amekuwa akiomba udongo mzuri. Yule aliyenipigia kelele kanibusu shavuni, halafu akaniambia bado nimechanganyikiwa.

Pamoja na karatasi kulikuwa na kichupa kidogo kama kidole, kimeandikwa 64. Dereva anasema kimetoka kwa mkuu wa maabara, si kwako, wewe bado umepigwa marufuku. Miaka ishirini na minane nimelima mrehani, sikuwahi kuyaona mafuta yake. Nimekizungusha juani. Tulipokifungua kila mmoja alinusa zamu yake, na hakuna aliyetania. Baba yako alinusa mwisho, akaacha kukohoa kabisa, hata chai hakuomba.

Sasa kazi. Kiwanda kinachukua mashamba yote kumi na mawili kwa mkato wa kwanza, kila moja litapimwa lenyewe kwenye pipa. Maana yake na langu. Nataka lipite kwa haki yake, si kwa mgongo wa mawe ya jirani. Nafikiri kuchimba mtaro juu ili maji ya mvua yapite pembeni, na kuinua matuta. Lakini sijui mtaro uwe na kina gani, na je, kwenye udongo mweusi nisitie mbolea kwa msimu mmoja au miwili? Haya si ya kuandikiana. Mtu lazima asimame pale, aushike udongo, avunje majani, tubishane.

Nimeuliza, wapimaji wana likizo. Lori linakuja Jumatano, na kiti cha mbele kiko wazi. Nimeshamwambia dereva asimpakie mtu mwingine.

Vaa viatu vya shambani.

Mama yako